Wapangaji Wasiolalamika

Funguo nimekwisha kuzikabidhi. Watu huniuliza mtu ambaye hajafika hata miaka sitini anastaafu vipi kazi isiyo na mwajiri. Jibu langu ni magoti. Kusimamia vyumba vya kupanga ni kupanda juu ya bati na kuchungulia kwenye mashimo ya choo, na magoti yangu yalistaafu kabla yangu. Haya nayaandika kwa ajili yenu vijana mliochukua kazi hii Tarime, Mugumu na kwenye senta ndogo za katikati. Nani alipata nini, na nyumba ngapi, sitaandika, hayo yatawachosha. Nataka mjue kazi yenyewe ilivyo, kwa sababu ni kazi ya kusisimua kuliko watu wanavyodhani. Anayedhani ni kukaa kwenye kiti na kusubiri mwisho wa mwezi hajawahi kusimamia vyumba wakati wa dhahabu.

Nilianza nikiwa muuza misumari na bawaba katika duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Sudi, pale Tarime mjini. Baba yake alitoka pwani na cherehani, yeye akazaliwa hapa hapa, lakini Kiswahili cha baba yake hakukiacha. Nyuma ya duka alikuwa na safu ya vyumba. Siku moja msimamizi wake akavuka Sirari kwenda Kenya kutafuta maisha, na shada la funguo likabaki mezani. Mzee Sudi akaniangalia, akaziangalia funguo, akasema, “Marwa, Kiswahili chako kina mifupa, lakini unaamka mapema. Shika.”

Hiyo ndiyo barua yangu ya ajira.

Siku ya kwanza nilidhani atanionyesha vyumba. Akanipeleka chooni. “Mpangaji huangalia chumba,” aliniambia, huku ameshika kanzu isiguse sakafu. “Wewe anza hapa. Choo kikijaa, hata mkweli anahama bila kuaga.” Somo la pili lilikuja na mvua. Mvua ya Tarime mnaijua, haitanii. Wateja wote walikimbilia barazani, naye akanitoa nje. “Nenda ukasimame uani uone maji yanaelekea wapi.” Nikasimama. Niliugua mafua makali, lakini tangu siku ile sijawahi kukubali kusimamia nyumba niliyoiona wakati wa kiangazi tu. Nyumba wakati wa kiangazi ni kama mchumba siku ya utambulisho.

Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo mengine nilijifunza kwenye vitabu vya mtumba pale gulioni. Nilipata kimoja cha hesabu za biashara na kimoja cha ujenzi ambacho hakikuwa na jalada wala sura ya mwisho. Sura ya mwisho nasikia ilihusu kupaka rangi. Ndiyo maana misingi yangu inasifiwa na rangi zangu hazisifiwi. Vifaa vyangu vilikuwa futi ya chuma, tochi, chaki, na kipande cha nondo kirefu kama fimbo ya kutembelea. Nondo hiyo nilikuwa nagonga nayo sakafu na kuta. Sakafu nzima hujibu kwa sauti fupi. Iliyoachana na udongo hujibu kama debe. Jifunzeni kusikiliza, rangi na lipu hudanganya macho, sikio halidanganyiki.

Kutoka kwa Mzee Sudi nikaanza kukabidhiwa nyumba za watu wengine. Mugumu na njia ya Ikoma nilikutana na wapangaji wanaofanya kazi kwenye hoteli za watalii. Hao huondoka na msimu. Msiwavunjie mlango watalii wakipungua. Angalieni dirishani: mtu aliyeacha sufuria yake atarudi, aliyeacha godoro tu ameshahama. Kijijini Mbalibali mpangaji wangu wa kwanza aliuliza habari za banda la mbuzi kabla ya kuuliza habari za chumba, na alikuwa na haki. Kule Susuni nilipangisha kwa walimu, na mwalimu anataka rafu ya vitabu na jiko lisilomrudishia moshi usoni, basi. Kwenye senta ndogo usijenge kwa ajili ya umati. Jenga kwa ajili ya mwalimu, muuguzi na mwenye duka, watu ambao mji ukilala wao bado wapo. Na ukuaji wetu ulikuwa huu: tunamwaga msingi wa vyumba vinne, tunaezeka viwili, viwili hivyo vinawalea wenzao mpaka nao wapate bati. Ni polepole, lakini kuona ukuta unapanda juu ya msingi uliouacha mwaka uliopita ni raha ambayo sijapata kuizoea.

Kisha ikaja rashi.

Rashi ndivyo wachimbaji wanavyoita dhahabu ikionekana mahali na watu wakamiminika. Kijiji sitakitaja, maana wahusika wote wapo hai na wengine ni wakali. Kiko wilaya ya Tarime, kati ya mashamba ya mahindi na mihogo. Jumatatu palikuwa na duka moja na mashine ya kusaga. Wiki haijaisha pana mama lishe, wauza viatu vya mvua, wachoma nyama, na kelele za karasha, ile mashine ya kusaga mawe, mchana kutwa. Watu walilala kwenye ghala za mahindi. Mtu mmoja alitoa mbuzi bandani, akafagia, akapangisha kwa vijana wawili. Mbuzi wakahamia jikoni kwake, na mke wake akahamia kwa dada yake kwa hasira. Nilikuwa nafika pale kwa pikipiki moyo unanidunda kama kijana anayekwenda kumwona msichana. Kila mtu ananishika mkono na kuniita mura, yaani kijana kwa Kikurya, “Mura, una chumba? Mura, nipe hata kona!”

Nikampigia simu Mzee Sudi, wakati huo ameshazeeka na haoni vizuri. Nikamwambia watu wote wanajenga kandokando ya maduara, yaani mashimo ya uchimbaji. Akacheka. “Waache wajenge shimoni. Wewe jenga kwenye njia ya zahanati. Dhahabu ikiisha, watu wataendelea kuumwa.” Ndivyo nilivyofanya, na ndivyo nilivyokutana na Mama Bhoke.

Mama Bhoke alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio mlima wa pili. Kiwanja chake kilikuwa hatua chache tu kutoka zahanati. Hakujaliwa mtoto wa kiume. Alikuwa na binti mmoja aliyeolewa mbali. Kwa hiyo alifanya kama mila yetu ya Kikurya inavyoruhusu: ng'ombe wa mahari walioletwa kwa ajili ya binti yake, sehemu yao akaolea mke, msichana aitwaye Nyangi, ili azae watoto watakaolibeba jina la nyumba ile. Sisi huita nyumba ntobhu. Mgeni hushangaa, hapa si jambo la kushangaza. Nyangi alikuwa mdogo, mkimya, anayesikiliza kila neno na kulirudisha baadaye. Alikuwa na watoto watatu wanaosoma. Ng'ombe waliobaki wa mahari ile Mama Bhoke aliwauza, tukajenga vyumba sita vya tofali za kuchoma. Wanawake wale wawili na watoto waliishi kwenye nyumba yao ya zamani upande wa pili wa ua, lakini maisha yao yote yalikuwa katika vile vyumba sita. Shamba walishalipunguza kupata kiwanja, na ng'ombe hakuwa amebaki hata mmoja.

Chumba namba nne walikichukua vijana watatu. Kiongozi wao aliitwa Otieno, ametoka ng'ambo ya Sirari, mcheshi mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Nilimwonyesha namba mbili kwanza, chenye dirisha kubwa la barabarani. Akakipita. Akatembea mbele ya milango taratibu, akiangalia chini, akasimama kwenye namba nne.

“Hii ndiyo nataka, bosi.”

“Hicho kina giza.”

“Giza si shida. Mimi nikiingia nyumba ni kulala tu.”

Vijana, nilikuwa nimefanya kazi hii miaka mingi na sikuwahi kuona wapangaji kama wale. Walitangulia kulipa. Bawaba ikilegea wanakaza wenyewe. Nikiuliza kama wanahitaji fundi, Otieno ananipungia mkono, “Sisi tuko sawa, bosi, hakuna haja ya kusumbuka.” Juu ya hayo walijitolea kutengeneza ua. Ua wa Mama Bhoke ulikuwa na mashimo yanayotuama maji, nao kila siku wanamwaga udongo na kuusawazisha kwa jembe. Nikauliza udongo wanautoa wapi. “Huko mtaroni, bosi. Hii uwanja iko na mashimo mingi, mama anaweza kuanguka.” Mama Bhoke akawapenda kama wanawe. Aliwapelekea uji. Mimi nikawataja kwa wapangaji wengine kama mfano wa kuigwa.

Aliyelalamika alikuwa muuguzi wa zahanati aliyepanga namba tano. “Kaka Marwa, humu ndani kuna panya. Wanagonga chini, ko, ko, ko.” Nikamletea mtego. Wiki iliyofuata akasema panya wamezidi. Nikaleta mtego mkubwa. Nikanunua na dagaa wa kutegea, tena dagaa wazuri wa Musoma.

Mvua za masika zilipoanza nilikwenda kusimama uani, kama nilivyofundishwa. Ndipo nikaona jambo la ajabu. Nilipojenga nyumba ile niliweka msingi juu, mtu anapanda kizingiti kwa hatua nzima. Sasa maji yalikuwa yanakaribia kuingia mlangoni. Nyumba haikuzama, ua ndio ulikuwa umepanda. Nikasimama pale na mvua inanichuruzika shingoni, najiuliza ni mtaro gani duniani unaotoa udongo mwingi namna hii, mwekundu, wenye vipande vya mawe meupe. Nikachukua nondo yangu, nikaenda kugonga mlango wa namba nne.

Kijana mmoja alikuwa ameketi kitandani, anakula mhogo. Nikamuuliza, “Otieno yuko wapi?”

“Ametoka, bosi.”

Chini ya kitanda sauti ikasema, “Nani huyo ananiulizia?”

Kijana akaacha kutafuna. Mimi nikainama. Palikuwa na mkeka, chini ya mkeka mbao, na katikati ya mbao kichwa chenye kofia ya sufu na taa kwenye paji la uso.

“Shikamoo, bosi,” kikasema kichwa.

“Marahaba. Uko chini sana?”

“Si sana. Kama urefu wa mnazi hivi.”

“Huku hakuna minazi, Otieno. Toka.”

Akatoka, amejaa udongo mpaka kwenye nyusi, na hakuonekana kuogopa. Alikuwa anacheka. Mkononi alishika jiwe jeupe lenye ukubwa wa embe, akaniwekea kiganjani, akanimulikia. Niwaambie ukweli, nywele zilinisimama. Ndani ya jiwe lile palikuwa na mstari mwembamba wa njano, kama uzi wa kushonea. Nilisahau msingi, nilisahau ua. Nikasema “Mungu wangu” kwa Kikurya, jambo ninalofanya mara chache.

Kisha nikagonga sakafu. Nikaingia kwa muuguzi, nikagonga na sakafu yake. Ilijibu kama debe mpaka katikati ya chumba chake. Panya wangu walikuwa watu wawili wenye sururu.

Habari haikukaa. Kabla mvua haijakatika, nusu ya kijiji ilikuwa uani. Muuguzi alihamisha vitu vyake, akaniachia mitego. Mfadhili mmoja mwenye karasha alifika na gari, akaonja mawe kwa macho, akamwambia Mama Bhoke: tunabomoa vyumba, tunafungua duara la maana, mwenye eneo anapata fungu lake la mawe kama kawaida. Nilimweleza kwamba madini yana leseni yake na kiwanja cha makazi si duara. Hakuna aliyegeuza shingo. Kwenye rashi leseni hufika kifusi kikiwa kimeota nyasi.

Mama Bhoke alikuwa anang'aa. “Marwa, miaka yote nimelala pembeni ya dhahabu na kuota mihogo!”

“Mama,” nikasema, “mstari mwembamba huu unaweza kwenda mbali, unaweza kuisha kesho. Vyumba vinakulisha leo. Ukivibomoa na uzi ukakatika, huna ng'ombe, huna shamba.”

“Wewe ni mwoga. Ulizaliwa ukigonga sakafu.”

Nyangi alikuwa amesimama na ndoo. Akasema, “Mama, mimi sikatai utajiri. Nauliza tu tutakula nini ukichelewa.”

Mama Bhoke akamwambia anyamaze, akamwita shemeji yake, mzee Mwita, mkubwa wa ukoo upande wa marehemu mumewe, aje abariki. Mzee Mwita alikuja asubuhi iliyofuata na gunia tupu amelikunja kwapani. Nililiona, na kila mtu aliliona. Alikuwa amekuja na pa kubebea baraka zake. Mfadhili alikuwa tayari ameshusha nyundo, na vijana wawili wapo juu ya paa la namba nne wanasubiri neno.

Mzee Mwita akaketi. Akakohoa. “Mimi sioni tatizo. Mji ni wa Mama Bhoke, Mama Bhoke amekubali.”

Nyangi akapiga magoti kumsalimia, “Shikamoo, baba.” Kisha hakuinuka. “Baba, naomba nikuulize. Ule mwaka ulipogombana na kaka yako wa mama mwingine habari ya ng'ombe wa mama yako, wazee walisemaje?”

Mzee akamwangalia kwa jicho moja. Kesi ile alishinda, na amekuwa akiisimulia kila penye pombe tangu hapo. Watu wakaanza kuchekelea.

“Walisema,” akajibu polepole, “ng'ombe waliokwenda kwenye nyumba ya mke fulani ni wa mke yule na watoto wake. Hakuna wa kuwagusa bila yeye kukubali. Hata mume.”

“Hata mume?”

“Nimesema hata mume.”

“Mama Bhoke ndiye aliyenioa. Ng'ombe wa binti yake wengine walikwenda kwa wazazi wangu, waliobaki ulisimama wewe mwenyewe hapa hapa ukasema ni wa nyumba yangu, tuwatunze. Ndio waliouzwa vikajengwa hivi vyumba. Sikukataa wakati ule, nilikubali. Leo sijakubali.”

Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, “Mwita, ficha gunia!” Ua wote ukalipuka kwa kicheko. Mzee akatoa gunia kwapani, akaliangalia kama mali ya mtu mwingine, akalikalia.

“Ndivyo ilivyo,” akasema. “Siwezi kula maneno yangu, nimeyasema mara nyingi mno. Nyinyi mlio juu ya bati, shukeni.”

Nilimwangalia Mama Bhoke. Hapo ndipo moyo wangu ulipoenda mbio kuliko nilipoliona lile jiwe. Angeweza kumfukuza Nyangi, angeweza kupiga kelele na watu wakamfuata, maana walitaka kumfuata. Alisimama akiangalia nyumba, akaangalia watoto watatu waliojibanza mlangoni na madaftari yao.

“Nilikuoa uniletee watoto,” akamwambia Nyangi, “ukaniletea na wakili.”

“Nimeleta vyote, Mama.”

“Nimeona.”

Mfadhili akapakia nyundo zake. Otieno, kwa kumtendea haki, hakutoroka. Nilimwambia udongo wote alioutoa utarudi ulikotoka, nao yeye na wenzake waliurudisha, wakishindilia tabaka kwa tabaka huku nikisimama na nondo yangu. Alikuwa anaimba. Siku ya mwisho ua ulikuwa umeshuka, kizingiti kinapandwa kwa hatua nzima, na mashimo ya maji yamerudi mahali pake. Tukasuka nondo chini ya namba nne na namba tano, tukamwaga zege nzito kuliko msingi wowote niliowahi kumwaga. Mwenye shamba jirani akafungua duara lenye leseni akifuata mawe yale yale meupe. Walipata kiasi, wakakosa kiasi, na wachimbaji wake wote walipanga kwetu. Nyangi akaja kwangu akiwa na futi mkononi, akataka nimwonyeshe pa kuchimbia msingi wa chumba cha saba na cha nane. Nikamwonyesha. Akapima upya baada yangu, akakuta nimekosea kidogo, akasogeza kigingi kwa adabu.

Zege ya namba nne ilipokauka nilikuja kukipangisha. Nilikuwa na watu wanne wanaokigombea, na rashi ilikuwa imepamba moto. Nikakuta mlango umefungwa kwa ndani. Nikagonga.

“Nani?” ilikuwa sauti ya Mama Bhoke.

“Ni mimi, Marwa. Nimeleta mpangaji.”

“Mpeleke kwingine.”

Akafungua. Alikuwa ameleta kitanda chake, kigoda chake na mtungi wake wa maji, amevipanga juu ya ile sakafu mpya. Nyumba yake ya zamani alikuwa amewaachia Nyangi na watoto.

“Mama, hiki ni chumba cha biashara.”

“Mmenikataza kuichimba dhahabu yangu,” akasema. “Sasa nitailalia. Kuna mila inayokataza?”

Nikageuka kumtazama Nyangi, ambaye alikuwa anatwanga mahindi uani. Vyumba ni vya nyumba yake. Neno lilikuwa lake. Akaacha mchi, akaanza kucheka, cheko la kwanza nililowahi kulisikia kwake. Akaniomba ile chaki yangu. Akaja mlangoni, akaandika juu ya ubao wa mlango kwa herufi kubwa za mtu asiye na haraka: HAKIPANGISHWI.

Nikaenda kuwaambia wale wanne watafute kwingine.